Sura ya Tano: Upepo wa Kuazima

Julai 2022 joto lilipanda Ulaya na Japani kwa kiwango ambacho wenyeji hawakukizoea. Tarehe 19 ya mwezi huo Uingereza ilivuka nyuzi 40 za Selsiasi kwa mara ya kwanza tangu vipimo vianze kuwekwa. Reli zilipinda, watu wakahimizwa wakae ndani, na katikati ya matangazo hayo yakapita mawili madogo ambayo wengi hawakuyaona. Nintendo ya Japani iliwakumbusha wateja kwamba Switch, mashine yake ya gemu ya mkononi, imeundwa kufanya kazi kwenye hewa ya nyuzi 5 hadi 35. Valve ya Marekani nayo ikasema mashine yake ya aina hiyo, Steam Deck, inajisikia vizuri kati ya nyuzi sifuri na 35, na kwamba joto likizidi hapo mashine inaweza kuanza kujipunguzia kasi ili kujilinda.

Kwa mtu wa London hilo lilikuwa tangazo la wiki moja. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga ni hali ya miezi mingi. Mchana wa Februari kivulini Dar es Salaam kuna nyuzi 32 au 33, na chumba cha bati kisicho na dari kinapita hapo mapema sana. Kwa hiyo mashine hizi, zikishafika pwani kwenye begi la mjomba aliyetoka Dubai, zinaanza kazi zikiwa zimebakiwa na nyuzi mbili tatu tu kabla ya kugusa mpaka uliochorwa na waliozitengeneza. Umeme ukikatika na pangaboi likasimama, hata hizo mbili tatu hazipo.

Ndiyo maana watu wanazifungia feni. Wengine wananunua zile za kubana juu ya doki, kile kitako kinachounganisha mashine na runinga, wengine wanang'oa feni kwenye kompyuta iliyokufa, wengine wanaweka pakiti ya barafu mgongoni mwa mashine na kuomba Mungu. Nimeona karibu kila aina, na msimamo wangu ni huu: feni ya ziada haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu, na mara nyingi joto limekwama mahali ambapo feni ya nje haifiki. Anayejua limekwama wapi anaweza kufanya kazi nzuri kwa kipande cha boksi na sponji. Asiyejua atatumia fedha nyingi kuupepea mfuniko wa plastiki.

Tuanze na hesabu kidogo, maana bila hesabu kila feni inaonekana ni dawa. Umeme wote unaoingia kwenye chipu unatoka kama joto, hauna pengine pa kwenda. Chipu ya Steam Deck, iliyotengenezwa na AMD, imewekewa wigo wa wati 4 hadi 15. Tuseme iko kwenye 15, na hewa inayopita ndani inaruhusiwa kupata joto la nyuzi 15 kabla ya kutoka. Kwa hesabu hiyo inahitajika hewa pungufu kidogo ya lita moja kila sekunde. Si nyingi. Feni ndogo iliyomo ndani inaimudu, mradi njia iwe wazi.

Sasa angalia kinachotokea hewa ya kuingilia ikibadilika. Ikiingia na nyuzi 20, inatoka na 35. Ikiingia na 33, inatoka na 48. Chipu nayo inapanda kwa kiasi hichohicho: nyuzi 13 zilizozidi chumbani zinakuwa nyuzi 13 zilizozidi kwenye chipu, kama feni haijaongeza mwendo. Hakuna feni, ya ndani wala ya nje, kubwa wala ndogo, inayoweza kushusha joto la mashine chini ya joto la hewa inayopulizwa. Hewa ya chumba ndiyo sakafu.

Wa Nairobi wana faida na hasara yao. Kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, na lita moja ya hewa hiyo hubeba joto pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na lita ya Dar es Salaam. Kwa mfano wetu, hewa ingepanda nyuzi 17 au 18 badala ya 15. Lakini kama chumba cha Nairobi kina nyuzi 22, bado mchezaji wa huko yuko mbele kwa nyuzi nane au tisa.

Chipu yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Katika maelezo yaleyale ya 2022 Valve ilisema chipu ya Steam Deck inafanya kazi vizuri hadi nyuzi 100; ikifika hapo inaanza kupunguza kasi, na kwenye 105 mashine inajizima. Kwa hiyo anayeona 85 kwenye kioo na kukimbilia barafu ana hofu isiyo na sababu. Kinachoteseka mapema ni vitu vingine vilivyopangwa kando ya chipu: betri ya lithiamu, ambayo huzeeka haraka ikikaa kwenye joto, kadi ya kumbukumbu, na ngozi ya mikono yako, ambayo huanza kulalamika kitu kikikaribia nyuzi 45.

Mashine za mkononi hazikuwa hivi siku zote. Game Boy ya 1989 ilikula chini ya wati moja kutoka kwenye betri nne ndogo, na haikuwa na feni kwa sababu haikuwa na cha kupepea. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyeiongoza kazi hiyo, alipenda kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzeeka, iliyo rahisi na inayojulikana tabia zake, akaitafutia matumizi mapya. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Washindani walimcheka, wakaleta Game Gear yenye rangi na taa, iliyomaliza betri sita kwa saa chache. Soko likaamua. Uamuzi wa Yokoi kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya betri na bei, lakini ulikuwa pia uamuzi wa joto.

Switch, iliyoingia sokoni Machi 2017, ilifuata njia nyingine. Ndani yake kuna chipu ya NVIDIA, bomba bapa la shaba, hitisinki yenye mapezi membamba, na feni ya duara inayovuta hewa kupitia matundu ya mgongoni na kuitema juu. Ikiwa kwenye doki, sehemu ya chipu inayochora picha hukimbia kama mara mbili ya inavyokimbia ikiwa mkononi. Ndiyo sababu wengi wanaolalamika juu ya joto wanalalamikia doki. Mwaka 2019 Nintendo ilibadilisha chipu ikaweka iliyochongwa kwa vipimo vidogo zaidi, na muda wa betri ukapanda kutoka saa 2.5 hadi 6.5 na kuwa saa 4.5 hadi 9, betri ikiwa ileile. Ukisoma takwimu hizo kwa jicho la fundi joto, unaona kitu kimoja: kazi ileile, joto pungufu. Kwa anayenunua mtumba, hapo ndipo upozaji unapoanza. Toleo jipya lina nambari ya mfululizo inayoanza na XK, kwa mfano XKW, na la zamani XA, kama XAW. Kusoma herufi hizo dukani kunasaidia kuliko feni yoyote utakayoibandika baadaye.

Sasa feni za kubandika. Kosa la kwanza ni mwelekeo. Mashine ina tundu la kuvuta na tundu la kutema, na feni ya nje lazima ikubaliane nayo. Nimeona kijana ameweka feni nzuri kabisa juu ya Steam Deck ikipuliza kwenda chini, dhidi ya hewa moto inayotoka. Feni mbili zikawa zinagombana mlangoni, na mashine ikawa ya moto kuliko bila msaada. Kabla ya kufunga chochote, shika kipande chembamba cha karatasi ya tishu karibu na kila tundu. Inapovutwa ndipo hewa inapoingia, inapopeperuka ndipo inapotoka. (Baadhi ya wapenzi wa Steam Deck huijua harufu ya tundu hilo la juu kuliko wanavyopaswa. Mtindo wa kunusa hewa yake ulienea kiasi kwamba huduma kwa wateja ya Valve ilipoulizwa ikajibu kwamba kuvuta hewa inayotoka kwenye vifaa vya umeme hakushauriwi.)

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona, na ndilo linalouza feni nyingi. Feni ya ndani inaendeshwa na programu inayotazama joto la chipu. Joto likishuka kidogo, programu inapunguza mwendo wa feni. Kwa hiyo ukileta feni ya nje ikasaidia kweli, ya ndani inapumzika, na nambari ya joto kwenye kioo inabaki karibu palepale. Unadhani hujafanya kitu, kumbe umefanya. Kinyume chake pia kipo: feni ya nje yenye kelele inafunika mlio wa ile ya ndani, unaamini mambo ni shwari, kumbe ndani inapiga mbio zilezile. Kipimo cha kweli si joto peke yake. Steam Deck ina ukurasa mdogo wa takwimu unaoweza kuuwasha juu ya gemu, unaonyesha joto, wati na idadi ya picha kwa sekunde. Cheza sehemu ileile ya gemu ileile, chumba kilekile, ukiangalia kama picha zinashuka baada ya nusu saa. Switch haikupi takwimu hizo, kwa hiyo utategemea sikio: ukae kimya, usikilize feni ya ndani inapanda lini.

Kabla ya kuongeza hewa, ni lazima kujua kama iliyopo inapita. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za feni zingeishia kama watu wangekuwa na subira.

Kwenye benchi la fundi simu mmoja wa Kinondoni, kijana alileta Switch ya toleo la kwanza iliyokuwa inastaki kila baada ya dakika chache ikiwa kwenye doki. Alikuja na feni yake mkononi, ya kompyuta ya mezani, na waya umeshamenywa.

"Fundi, nataka unifungie hii kwa nyuma. Toboa tu mfuniko."

"Subiri kwanza, mdogo wangu. Hii ina feni yake humo ndani. Tukaiulize imekosa nini."

Alitoa kadi ya kumbukumbu, akafungua skrubu za mdomo wa umbo la Y kwa bisibisi yake ndogo, akatoa mfuniko wa plastiki, halafu bamba la chuma lililofunika kila kitu. Kati ya bamba na bomba la shaba kulikuwa na uji mzito wa rangi ya waridi, kazi yake kupeleka joto kwenye bamba. Aliukusanya kwa kipande cha plastiki akauweka pembeni autumie tena. Kisha akachomoa plagi ya betri. Vijana wengi huiruka hatua hiyo, naye aliifanya kabla hajagusa kitu kingine. Feni ilipotoka, tukaona. Mapezi ya hitisinki upande unaopokea hewa yalikuwa yamefunikwa na kitambaa cha kijivu, vumbi lililoshikana na nyuzi za zulia na nywele za paka, limelala bapa kama lilikatwa kwa mkasi. Ukiangalia kutoka nje kupitia tundu la juu, huoni kitu, mapezi yanang'aa. Uchafu uko upande wa pili, kati ya feni na mapezi, na kupuliza kutoka nje kunausogeza milimita chache tu kisha unarudi.

Alitumia brashi laini na upepo wa bloa. Jambo la kuiga hapa ni hili: kabla ya kupuliza alizuia panga za feni kwa kijiti cha meno. Feni inayozungushwa kwa nguvu na upepo wa nje inageuka kuwa jenereta, inarudisha umeme kwenye bodi, na beringi zake zinaumia kwa kukimbia kuliko zilivyoundwa. Baada ya hapo akafuta pesti ya zamani ya chipu kwa spiriti. Ilikuwa imekauka na kupasuka. Akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Pesti hiyo haipozi chochote kwa yenyewe. Inajaza mikwaruzo midogo kati ya chipu na chuma ambayo vinginevyo ingejaa hewa, na hewa ni kizuizi kikubwa cha joto. Ukiiweka nyingi umeongeza tabaka lisilohitajika.

Mashine ikafungwa, ikarudi kwenye doki, feni ya kompyuta haikufungwa. Kijana aliondoka nayo mfukoni, uso wake ukionyesha kwamba alitaka ifungwe hata hivyo.

Simlaumu. Kujitengenezea kitu kuna raha yake, na kuna siku feni ya nje inahitajika kweli: chumba ni cha moto, mashine ni safi, gemu ni nzito. Kwa siku hizo, haya ndiyo ninayoyajua.

Usichukue umeme wa feni kutoka kwenye bodi ya mashine. Soketi ya feni ya ndani imepimwa kwa feni ile ndogo, na kuunganisha kubwa hapo ni kuchoma kijitranzista ambacho kukibadilisha kunahitaji hadubini. Tumia powabanki au chaja ya simu, volti 5. Feni za kompyuta nyingi ni za volti 12. Kwa volti 5 baadhi zinazunguka polepole na kimya, na hilo ndilo unalotaka, lakini baadhi hazianzi mpaka uzisukume kwa kidole. Hizo ziache, kwa sababu siku moja hazitaanza na hutagundua. Feni ya USB iliyoandikwa volti 5 inakuondolea shida hiyo. Halafu kuna kero ambayo haimo kwenye maelezo ya kiwanda: powabanki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Feni inayokula miliampia 60 au 70 ni mzigo mdogo. Inazunguka, baada ya muda mfupi inakufa. Tatizo haliko kwenye feni. Unganisha kitu kingine pamoja nayo, au tumia chaja ya ukutani.

Feni ya bapa ya kompyuta ina panga pana na inasukuma hewa nyingi, ila haina nguvu ya kuisukuma kupitia njia nyembamba. Feni ya ndani ya mashine ni kinyume: ndogo, lakini imeundwa kulazimisha hewa kupita kwenye mapezi yaliyobanana. Kwa hiyo ukibandika feni bapa kwenye tundu la kutemea bila kuziba kingo, hewa inarudi pembeni na mapezi hayahisi kitu. Kama unataka ivute kweli, tengeneza mfereji wa boksi gumu, uzibe kingo kwa sponji ya milangoni, na uelekeze feni kuvuta, si kupuliza. Hata hivyo msaada utakuwa mdogo. Faida kubwa ya feni bapa iko mgongoni: kuleta hewa ya chumba kwenye tundu la kuvutia na kufukuza ile moto iliyokwisha kutoka, ili mashine isivute pumzi yake yenyewe. Jambo hilo hutokea sana kwenye godoro, kwenye mto, na ndani ya kava nene la silikoni. Kisimamio cha waya na feni ya kusimama ya nyumbani iliyowekwa mbali kidogo hufanya kazi hiyohiyo. Haipendezi kupigwa picha.

Tuje kwenye barafu, maana hapa watu wanaharibu mali. Hewa ya pwani yetu imebeba maji mengi. Siku ya kawaida ya msimu wa joto Dar es Salaam, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 au 25 kinaanza kutoka jasho. Ndiyo sababu chupa ya soda inalowanisha meza. Pakiti ya barafu ina nyuzi sifuri. Ukiiweka mgongoni mwa mashine inayovuta hewa, maji yanajikusanya kwenye plastiki, yanashuka, na feni inayavuta ndani. Friza ni mbaya zaidi, kwa sababu baridi inaingia mpaka kwenye bodi, na ukiitoa mashine nje maji yanatua moja kwa moja kwenye pini. Kwa watu wa baharini ongeza chumvi iliyomo hewani. Kutu ya kijani kwenye soketi ya chaja haiji siku hiyo. Inakuja baada ya miezi, na hapo hakuna anayekumbuka barafu.

Jamaa yake barafu ni kile kipoza simu cha kubana ambacho wachezaji wa gemu za simu wanakijua vizuri, chenye sahani inayokuwa baridi sana kikipewa umeme. Kinatumia kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto. Kifaa ni cha kweli, hakuna ulaghai. Shida ni mahali kinapobandikwa. Simu nyingi zina mgongo mwembamba na chipu iko karibu. Mashine ya gemu ina mfuniko wa plastiki, chini yake hewa, chini yake bamba. Plastiki hupitisha joto kwa kama sehemu moja kwa elfu ya alumini. Unapoza plastiki, chipu haina habari, na ukizidisha unapata jasho lilelile la barafu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanafungua na kuweka vipande vya shaba mahali pa pedi za joto, au wanabadilisha mfuniko wa nyuma wakaweka wenye bamba la chuma. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri. Lakini mashine hizi zimepangwa kwa kubana mno, na kila pedi iko ilipo kwa sababu. Juni 2022 watu walipoanza kuingiza diski ndefu kuliko iliyokusudiwa kwenye Steam Deck, mbunifu wa Valve Lawrence Yang aliwatahadharisha hadharani wasifanye hivyo: chipu ya kuchaji hupata moto sana na pedi zilizo karibu nayo hazipaswi kusogezwa, na diski hizo nyingi zinakula umeme na kutoa joto zaidi. Mashine ingeonekana inafanya kazi, huku umri wake ukipungua. Hata watengenezaji wenyewe wanateleza hapo. ASUS ilitoa mashine yake ya mkononi, ROG Ally, Juni 2023, kisomeo cha kadi kikiwa jirani na njia ya hewa moto, na wiki chache baadaye ikakiri kwamba joto linaweza kukifanya kigome. Hatua yao ya mwanzo ilikuwa ni kuiongezea feni mwendo kwa programu.

Na ukiamua kufungua Steam Deck, toa kadi ya kumbukumbu kwanza. Mfuniko ukivutwa kadi ikiwa ndani, kadi inavunjika vipande viwili.

Nimeacha mwisho kinachosaidia kuliko vyote, kwa sababu hakina feni na watu hawakipendi. Joto la chipu linafuata kasi yake na mraba wa volti yake. Ukishusha kasi kwa asilimia 20, na volti nayo ikashuka kwa asilimia 10, joto linabaki kama asilimia 65 ya lile la mwanzo. Umepoteza moja ya tano ya mwendo, umeondoa zaidi ya theluthi ya moto. Hakuna feni ya mtaani inayokupa biashara hiyo. Kwenye Steam Deck ni kitufe kimoja: weka ukomo wa wati kwenye 8 au 9, fungia picha kwenye 40 kwa sekunde, na kwa gemu nyingi jicho halitagundua. Kwenye Switch huna kitufe hicho, lakini unaweza kucheza mkononi badala ya doki saa za joto kali, kupunguza mwanga wa kioo, na kuacha kucheza na kuchaji kwa wakati mmoja betri ikiwa tupu. Kuchaji nako kunatoa joto, na linatoka palepale kwenye betri, mahali usipolitaka. Kioo kikianza kuinuka upande mmoja, betri imevimba. Hapo zima, usichaji tena, peleka kwa fundi ukiwa umeishika kwa adabu.

Juni 2025 Nintendo ilitoa Switch 2, na safari hii doki yake imekuja na feni ndani. Miaka minane watu walikuwa wakibandika feni za kununua kwenye doki ya kwanza, zingine zikisaidia, zingine zikipiga kelele tu. Mwenye doki ya zamani asivunjike moyo. Aitoe ndani ya kabati la runinga, aisogeze kama shubiri moja kutoka ukutani, apanguse vumbi la matundu ya nyuma, na feni ya kusimama aielekeze upande huo kwa mwendo wa chini kabisa. Skrubu zibaki zilipo.